Mambo ya kweli ya Tanga ambayo mgeni akiyasikia anabisha: naomba mnisaidie

Bajaji wa Kange

Habari za humu ndani, wakubwa kwa wadogo. Wazee wangu shikamooni.

Mimi naendesha bajaji hapa Tanga mjini na kituo changu ni stendi ya Kange. Abiria wangu wengi wanashuka kwenye mabasi ya Dar na Arusha. Kuna waliokuja msibani, kuna waliokuja harusini, na kuna waliokuja kutembea tu. Hao wa kutembea ndio walionifanya niandike leo. Ukimtoa mtu Kange ukampeleka Raskazoni, au ukaenda naye Mapango ya Amboni ukamsubiri na kumrudisha, mtazungumza mengi njiani. Na swali lao ni lile lile: "Kaka, Tanga yenu hii ina nini cha ajabu?"

Kijiweni jibu liko tayari. Pango la Amboni linatokea Mombasa. Mbwa aliingia Amboni akaja kuonekana Kilimanjaro. Mimi hayo sitaki kuyasema. Wataalamu waliyapima mapango yale mwaka 1994, na pango refu kuliko yote lilikuwa na urefu wa kama mita 900. Abiria amenilipa hela yake, amekaa nyuma yangu ananiamini, mimi nimjaze uongo? Kinachoniuma zaidi ni kwamba mji huu hauna haja ya uongo. Mawe yale ya chokaa peke yake yana umri wa miaka kama milioni 150, enzi za madubwana ya kale yaliyokwisha duniani. Hilo tu linatosha kumnyamazisha mtu, lakini watu wanalipita wanakimbilia mbwa wa Kilimanjaro.

Lipo moja ninalolijua vizuri, la nyuki, na huwa nalisimulia nikikaribia Raskazoni. Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika hapo mbele zikiwa na askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi walioletwa moja kwa moja kutoka kwao, chini ya Jenerali Aitken. Upande wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, aliowateremsha kwa treni kutoka Moshi. Tarehe 4 vita vikiwa vimechachamaa, risasi zilifumua mizinga ya nyuki iliyokuwa juu ya miti. Nyuki wakawavamia watu wa pande zote mbili, na kikosi kimoja cha Wahindi kikatawanyika kabisa. Siku iliyofuata Waingereza walirudi melini wakaacha ufukweni silaha na risasi 600,000. Wajerumani walizitumia kwa muda mrefu baada ya hapo. Kule Uingereza baadhi ya watu wakaanza kusema Wajerumani waliwatega nyuki makusudi. Sisemi nyuki ndio walioshinda vita. Reli ya Moshi na uongozi mbovu wa Aitken ndivyo vilivyoamua. Lakini nyuki walikuwepo, na miti bado ipo pale pale.

Sasa nataka mengine ya namna hiyo. Kiwe kitu cha kweli, chenye mwaka na majina ya watu, mgeni akienda kutafuta mwenyewe akikute. Na kiwe na mahali pake, niweze kusimamisha bajaji nikanyoosha kidole nikasema "ni hapa". Kitu kisicho na mahali hakimkai abiria kichwani.

Karibuni.

---

Jarife wa Kigombe

Kaka, umesahau samaki! Mtu wa Tanga unaulizaje maajabu bila kumtaja silikanti?

Mimi natoka Kigombe, ndugu zangu ni wavuvi wa jarife. Kwa wasiolijua, jarife ni wavu wa macho makubwa wa kutega papa. Papa wa karibu walipopungua, watu wakawa wanalishusha chini zaidi, kwenye ukingo ambako bahari inazama ghafla. Kuanzia mwaka 2004 jarife za Tanga zikaanza kupandisha samaki mmoja mkubwa ambaye hata wazee hawakuwa na jina lake.

Nilimwona mmoja kwa macho yangu akiwa bado mbichi. Urefu wake unamkaribia mtu mzima. Rangi ni bluu nzito yenye mabaka meupe, ila akikaa nje ya maji bluu ile inapotea anabaki kahawia. Magamba ni magumu, yanakwaruza mkono, na mafuta yanatoka kwenye ngozi mpaka viganja vinateleza. Kilichonishangaza zaidi ni mapezi. Pezi la changu linaanzia mwilini moja kwa moja. La huyu limekaa juu ya kishina cha nyama chenye mifupa ndani, ukilishika unahisi kitu kinataka kuwa mkono. Mjomba alisema watu wakimla tumbo linawaharibikia kwa yale mafuta, kwa hiyo sokoni hana bei.

Wataalamu walikuwa wanamjua kwa mawe tu, yale yenye alama za viumbe wa kale. Hesabu yao ilikuwa kwamba ukoo wake ulikwisha miaka kama milioni 66 iliyopita au zaidi. Halafu Desemba 1938, kule East London, Afrika Kusini, dada mmoja mtunza makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, akaitwa bandarini kutazama samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Katikati ya lundo akaona pezi la bluu. Mtaalamu wa samaki aliyemthibitisha, J.L.B. Smith, alimpa samaki jina la yule dada, ndiyo maana kitaalamu anaitwa Latimeria. Smith akamtafuta wa pili kwa miaka 14. Alisambaza karatasi zenye picha pwani yote hii akiahidi pauni 100. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na Waziri Mkuu wa Afrika Kusini akampa Smith ndege ya jeshi kwenda kumchukua.

Na sisi leo tunaye hapa. Mwaka 2009 serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kuanzia mdomo wa mto Pangani kuja kaskazini mpaka kupita mjini. Mahali pa kunyoosha kidole ni barabara ya Pangani. Ukishapita Tongoni bahari iko kushoto kwako. Mwambie abiria: humo chini, zaidi ya mita 100, mchana wamelala mapangoni, usiku wanatoka kuwinda.

---

Mbishi wa Muheza

Jarife, mimi nakuheshimu lakini hapo umeteleza. Samaki wa miaka milioni 66 yuko hai? Una tofauti gani na mbwa wa Kilimanjaro?

---

Jarife wa Kigombe

Mbishi, siyo samaki mmoja aliyeishi miaka hiyo yote. Ni ukoo. Baba kazaa, mtoto kazaa, mpaka leo, ila wataalamu hawakuwa wameiona mifupa yao mipya popote wakadhani wamekwisha. Maji ya kina kirefu hayaachi alama kirahisi kwenye mawe ambayo watu wanayafikia.

Ila ukitaka umri wa samaki mmoja mmoja, huo nao ni wa kushangaza. Utafiti wa magamba yao uliotolewa 2021 ulionyesha wanaweza kufika miaka kama 100. Jike anachelewa kuzaa mpaka miaka kama 50 na kitu, na mimba inakaa tumboni miaka kama 5. Hatagi, anazaa watoto hai. Ndiyo maana naumia ninaposikia amenasa. Ukimtoa jike mmoja mwenye mimba umeondoa kitu ambacho hakiwezi kurudi upesi. Mjomba siku hizi akihisi uzito wa ajabu kwenye jarife huwa anaomba iwe kitu kingine.

Halafu kuna la mwisho ambalo mimi lilinikosesha usingizi. Kwa nasaba, silikanti yuko karibu zaidi na wewe Mbishi, na mbuzi wako, na kuku wako, kuliko alivyo karibu na changu au kolekole. Kile kishina cha nyama kwenye pezi hakipo pale kwa bahati tu.

---

Binti Manamba

Mwanangu Bajaji, asalaam aleikum. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu watoto wetu wanakua hawajui walipo.

Mimi nimezaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge. Baba yangu aliletwa kutoka Songea akiwa manamba, mama alikuwa brashi, anasafisha singa. Kwa hiyo hili ninalokwambia limenilea. Unapomtoa mgeni Kange kuelekea Muheza anaona mkonge pande zote, mistari kwa mistari mpaka mlimani, naye anadhani ni mmea wa hapa hapa uliokuwepo tangu Adamu. Si wa hapa. Asili yake ni Mexico.

Mwaka 1892 bwana shamba mmoja Mjerumani, Richard Hindorf, alikuwa anatafuta zao litakalostahimili ukame wa huku. Akaagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani, ambako mkonge ulikuwa umeshapelekwa. Vikapakiwa melini mpaka Hamburg, vikabadilishwa meli, vikaja huku. Safari ilikuwa ndefu na vingi vilioza au kukauka. Vilivyofika Tanga vikiwa hai mwaka 1893 vilikuwa 62. Hiyo 62 ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu ndipo penye ajabu. Mkonge haupandwi kwa mbegu. Unakaa shambani miaka, unakatwa majani, unakatwa tena, halafu siku moja katikati yake unapiga mlingoti kwenda juu mita tano, sita. Unachanua mara moja tu katika maisha yake, kisha unakufa. Kabla haujafa, kule juu kwenye matawi ya mlingoti vinaota vichipukizi, vimkonge vidogo vilivyokamilika, vina majani yake na vimizizi. Vikianguka vinashika. Hakuna baba na mama hapo. Kila kichipukizi ni mmea ule ule wa kwanza, damu ile ile. Kwa hiyo mashamba yote yale ya zamani, Tanga, Korogwe, Pangani, Kilosa, Morogoro, mpaka yaliyovuka kwenda Kenya, kwa sehemu kubwa sana yalikuwa ni ile mimea 62 inajirudia. Nchi ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa katani. Mwaka 1964 ilitoka tani kama 230,000. Tulipopata uhuru hakukuwa na zao lililoingiza fedha za kigeni kuliko hili. Ungeniuliza, ningesema hakuna mzigo mdogo uliowahi kushuka bandari ya Tanga ukageuza maisha ya watu wengi namna ile. Umemtoa baba yangu Songea. Mimi nisingezaliwa.

Watu wanakusimulia kwamba ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Hilo waachie wenye mbwa wao.

Kazi yenyewe huwezi kuisimulia mtu asiyeiona. Majani yanakuja na troli, yanaingia korona, ile mashine inayasaga na maji mengi. Upande wa pili zinatoka nyuzi, na chini unatiririka uchachu wa kijani unaowasha ngozi mpaka unajikuna usiku. Katika kilo 100 za majani unapata katani kilo nne au tano, zilizobaki zote ni maji na makapi. Nyuzi zinaanikwa juani kwenye waya, shamba zima linakuwa jeupe. Zikikauka zinakuja kwa mama zetu kwenye brashi, vumbi lake linakaa kifuani. Mama alikohoa mpaka uzeeni. Mgeni akishika kamba ya katani ajue imepita mikono ya nani.

Na kuna mkia wa habari hii ambao watu wengi hawaujui. Pale Mlingano, karibu na Ngomeni, kuna kituo cha utafiti wa mkonge. Kazi ya kuchanganya aina mbalimbali iliyofanyika mkoani humu, Amani na Mlingano, ndiyo iliyotoa mkonge chotara unaoitwa kwa namba, 11648. Unatoa majani mengi kuliko ule wa Hindorf. Chotara huyo akavuka bahari akaenda China, na leo mashamba ya mkonge ya China yanamtegemea yeye. Ulikuja mgeni kutoka Mexico kupitia Florida na Hamburg, na aliyetoka hapa kwenda China ni mzaliwa wa Tanga. Basi na hilo mwambie abiria wako.

---

Msambaa wa Amani

Shikamoo mama Binti Manamba. Umeitaja Amani nikaona nisipite kimya.

Bajaji, kuna ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya laini, Wazungu wanaliweka madirishani kwenye vyungu. Linauzwa nchi zote za Ulaya na Marekani, mabibi kwa mabibi wana vyama vya kulikuza. Lilitoka hapa. Mkuu wa wilaya wa Tanga wakati wa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta mwaka 1892 akapeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Wajerumani mpaka leo wanaliita urujuani wa Usambara.

Alitaja sehemu mbili alizolikuta. Moja ni misitu yetu ya Usambara. Ya pili ni mwendo wa saa moja kutoka Tanga mjini, kwenye nyufa za miamba ya chokaa, chini kabisa karibu na usawa wa bahari. Kwa hiyo ukiwa unampeleka mtu Amboni tayari uko katikati ya mawe ya aina ile ile. Kinachonisikitisha ni kwamba ua lililojaa madirishani kote duniani, kwao porini linapotea msitu unapokatwa. Linataka kivuli na unyevu wa mwamba. Ukifyeka miti juu yake, jua likipiga jiwe, limekwisha. Mkiliona huko msiling'oe jamani.

---

Mwalimu wa Kaole

Ndugu zangu wa Tanga, naomba na Bagamoyo tuingie. Abiria wako wengi wa Dar siku hizi wanapita kwetu, wanakata Msata ndipo wanakuja huko. Wameliona bango la Bagamoyo na hawakusimama.

La haraka kwanza. Tarehe 4 Desemba 1889 Stanley aliingia Bagamoyo na Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Misri kule Ikweta, kusini mwa Sudan. Safari ya kumwokoa ilianza 1887, ikapita msitu wa Kongo, watu mamia wakafa njiani. Usiku huo huo Wajerumani wakamfanyia karamu ghorofani. Emin alikuwa na macho mabovu. Akatoka dirishani akidhani ni mlango wa baraza, akaanguka mpaka barabarani akapasuka fuvu. Aliyetoka Ikweta mpaka pwani akiwa hai alikaribia kufa saa chache baada ya kufika salama. Akalazwa wiki nyingi, na Stanley akaondoka bila yeye.

Lakini ninalotaka hasa watu walijue ni la Chuma na Susi. Kila mtoto wa Bagamoyo anajua maiti ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ililala kwenye mnara wa kanisa la misheni. Ambalo halisemwi ni akili na ujasiri wa waliomleta. Livingstone alifariki 1 Mei 1873 kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Abdullah Susi na James Chuma na wenzao waliutoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, wakautia mwili chumvi na kuuanika juani kama wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa na magome ya mti na turubai. Halafu wakatembea. Zaidi ya kilomita 1,500, kwa miezi kama tisa, watu kama 60.

Karibu na Tabora walikutana na Waingereza wakiongozwa na Luteni Cameron, ambaye aliwashauri wamzike pale pale yaishe. Wakakataa. Mbele zaidi wenyeji walikuwa hawataki maiti ipite kwenye nchi yao. Wakatengeneza furushi la uongo, wakawapa wenzao walirudishe Tabora ionekane mwili umerudi. Usiku wale wenzao wakaenda kulitawanya porini wakarudi kimya. Mwili wa kweli ukafungwa upya mfano wa robota la nguo la kawaida, ukapita mchana kweupe. Februari 1874 wakafika hapa. London waliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ule uliovunjwa na simba miaka mingi kabla. Akazikwa 18 Aprili 1874 Westminster Abbey.

Na Chuma na Susi hawakuwepo. Aliyepelekwa ni mwenzao Jacob Wainwright, aliyesomea misheni India. Wao walifikishwa Uingereza baada ya mazishi kupita. Mimi nikifundisha somo hili huwa nasimama hapo, sisemi kitu kwa muda.

Mahali pa kunyoosha kidole: misheni, mnara upo. Na ukiwa hapo hapo misheni kuna mbuyu. Chini kwenye shina inachungulia pingili ya chuma. Inasimuliwa kwamba Bibi Chevalier, Mfaransa aliyekuwa akitibu watu hapa mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa akimfunga punda wake kwa mnyororo kwenye mbuyu ule. Mnyororo ukaachwa, mbuyu ukanenepa ukaumeza. Watoto huingiza kidole kugusa chuma. Gome limekunja mdomo kuizunguka pingili, laini kabisa, utadhani imeota humo.

---

Mbishi wa Muheza

Basi nami niweke langu, maana nimebisha vya kutosha na nyumbani kwetu ni machungwa.

Watu wanasema Mreno ndiye aliyetuletea machungwa matamu. Aprili 1498, Vasco da Gama akija kwa mara ya kwanza, merikebu yake mojawapo, São Rafael, ilipanda fungu mbele ya Mtangata, ndiyo Tongoni hiyo. Walisubiri maji yajae. Wakiwa wamekwama, wenyeji wakawaendea na mashua mbili wakiwa na machungwa. Mwandishi wa safari ile, mtu wao wenyewe, akaandika kwamba yalikuwa matamu na mazuri kuliko ya Ureno. Kwa hiyo machungwa waliyakuta. Januari 1499 walipokuwa wanarudi, mabaharia walikuwa wamekufa wengi kiasi kwamba hawakutosha merikebu zote. Wakaichoma São Rafael huko huko.

Mwenye kubisha aende Tongoni. Yale makaburi ya nguzo yalijengwa na watu wa mji uliokuwepo siku hiyo, na kwenye nguzo bado kuna matundu ya duara yalipopachikwa mabakuli ya China. Bajaji, nunua machungwa sita ya Muheza, pakia nyuma, mgeni akifika Tongoni ampe kila mtu lake.

---

Bajaji wa Kange

Wakubwa zangu, ahsanteni sana. Nimeyanakili yote kwenye daftari na nimeyasoma mara mbili, jana usiku na leo asubuhi stendi nikisubiri basi la Arusha.

Mama Binti Manamba, Mungu amrehemu mama yako. Nimepita kwenye mkonge ule tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kujua kwamba mmea mmoja ni wote.

Njia nimeshaipanga. Mwenye nusu siku nampeleka Raskazoni kwa nyuki, kisha Amboni kwa mawe na lile ua, nimwonye mwenyewe asiling'oe. Mwenye siku nzima naye barabara ya Pangani: Tongoni na machungwa, halafu Kigombe nimwonyeshe bahari ya silikanti. Mwalimu, wa Dar nitawaambia wakati wa kurudi wasimame Bagamoyo, na nitawasimulia Chuma na Susi kabla hawajapanda basi ili wasipite tena bila kuona. Hilo la kutokuwepo mazishini limenikaa kooni.

Limebaki moja. Mama, nataka mgeni auone mlingoti wenye vichipukizi kwa karibu, siyo kwa mbali dirishani. Niende wapi?

---

Binti Manamba

Shika barabara ya Segera, ukishapita Pongwe anza kuangalia pande zote. Tafuta shamba kuukuu, lililokwisha kukatwa sana, ndilo lenye milingoti mingi. Vichipukizi vinaonekana juu baada ya maua kupukutika, na chini yake utavikuta vimeanguka. Usiingie kienyeji, muulize msimamizi au mlinzi, mwambie unataka kumwonyesha mgeni tu. Mara nyingi hawakatai, na kimoja kilichoanguka watakuacha uchukue. Waambie wavae viatu vya kufunika, na mwenye mtoto amshike mkono wasikimbie katikati ya mistari. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu, na iko usawa kabisa na jicho la mtoto.